Ovari Inapojisokota: Utrasaundi Huona Nini?

Msokoto wa ovari ni dharura ya tumbo la chini inayompata mwanamke pale ovari yake inapozunguka pamoja na kano zinazoishikilia, hadi mishipa yake ya damu ikabanwa. Mazungumzo ya leo ni kuhusu hali hiyo na kipimo kinachotangulia vingine vyote katika kuitambua, yaani utrasaundi. Kipimo hicho huona nini hasa? Hukosea wapi? Na inakuwaje mgonjwa aambiwe damu inapita vizuri, kumbe ovari yake imeshajisokota? Swali la tatu ndilo litakalochukua muda mrefu kuliko mengine, maana hapo ndipo nafasi ya kuiokoa ovari hupotea kimyakimya.

Kwanza, ovari yenyewe. Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi, ndani ya nyonga. Kwa aliye katika umri wa kuzaa, kila moja ina urefu wa sentimita 3 hivi. Ovari haikugandamana na ukuta wa mwili, imening'inia. Upande wa ndani kuna kano inayoiunganisha na mfuko wa uzazi. Upande wa nje kuna kano nyingine inayopanda hadi kwenye ukuta wa nyonga, na ndani ya kano hiyo ndimo zinamopita ateri na veni za ovari. Kwa hiyo ovari ina uhuru wa kusogea kidogo, na kwa kawaida uhuru huo hauna madhara.

Kuna jambo moja la kushika hapa, kwa kuwa litarudi baadaye: ovari hupata damu kutoka pande mbili. Ateri yake mwenyewe hutoka kwenye aota, mshipa mkuu wa damu tumboni, ikashuka kwa njia ya kano ya nje. Tawi jingine hutoka kwenye ateri ya mfuko wa uzazi na kuingilia upande wa ndani. Pande mbili, msikilizaji, si mmoja.

Nini basi huifanya izunguke? Mara nyingi ni uzito. Ovari yenye uvimbe wa sentimita 5 au zaidi hupata msukumo wa kuzunguka ambao ovari ya kawaida haina. Uvimbe unaohusika mara kwa mara ni ule wa dermoidi, ambao ukipasuliwa hukutwa na mafuta, nywele, na wakati mwingine hata meno. Ndugu wa mgonjwa wakisikia habari za nywele na meno huanza kutazamana, lakini hakuna mkono wa mtu hapo. Uvimbe huo huanzia kwenye seli za mayai, na seli hizo zina uwezo wa kujenga tishu za kila aina. Uvimbe wa saratani na ule wa endometriosisi huleta msokoto kwa nadra zaidi, kwa kuwa hujishikiza kwenye viungo vya jirani na kukosa nafasi ya kuzunguka.

Ujauzito nao huongeza hatari, hasa miezi ya mwanzo, na vivyo hivyo dawa za kuchochea mayai wanazopewa wanawake wanaotafuta mtoto kwa msaada wa hospitali. Kwa watoto wa kike mambo ni tofauti kidogo: kano zao ni ndefu ukilinganisha na umbo lao, na ovari isiyo na uvimbe wowote inaweza kujisokota. Upande wa kulia hupatwa zaidi kuliko wa kushoto. Kushoto, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imejaza nafasi, ovari haipati pa kuzungukia. Na kwa kuwa kulia ndiko kilipo kidole tumbo, wapo wanaopelekwa kupasuliwa kidole tumbo, na daktari akifungua anakuta ovari nyeusi.

Sasa, nini hutokea ndani wakati kano zinapojisokota? Veni, zinazorudisha damu, zina kuta laini na presha ndogo, hivyo hubanwa kwanza. Ateri, zinazoleta damu, zina kuta nene na presha kubwa, nazo huendelea kusukuma. Matokeo yake ni kwamba damu inaingia lakini haitoki. Ovari inavimba, maji yanajaa ndani ya tishu zake, nayo inakua mara mbili, mara tatu, hata zaidi. Kadiri inavyovimba ndivyo inavyojibana yenyewe, mpaka presha ya ndani inaishinda hata ile ya ateri. Hapo ndipo damu hukatika kabisa na tishu huanza kufa. Mfuatano huu ndio ufunguo wa kuielewa picha ya utrasaundi: veni kwanza, uvimbe katikati, ateri mwishoni.

Hebu mfikirie binti wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, anayeamka saa 10 alfajiri kwa maumivu makali chini ya kitovu, upande wa kulia. Anatapika mara mbili. Wenzake bwenini wanasema ni chango, wanamchemshia tangawizi. Saa 3 asubuhi yuko zahanati, anapimwa mkojo, anaambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa dawa. Mchana maumivu yanapoa, anacheka na wenzake, anakula kidogo. Jioni yanarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kutapika kunaanza upya. Ni nini hapo kinachopaswa kumshtua daktari? Ni mambo matatu kwa pamoja: maumivu yaliyoanza ghafla, upande mmoja, pamoja na kutapika. La nne ni huko kuja na kuondoka. Ovari inaweza kujisokota, ikafunguka nusu, halafu ikajisokota tena, na kila ikifunguka mgonjwa huonekana amepona. UTI ya kawaida haimwamshi mtu alfajiri kwa mtindo huo, ingawa katika zahanati zetu karibu kila tumbo la chini la mwanamke hupewa jina hilo.

Kabla ya kupimwa kwa utrasaundi, mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa hupimwa ujauzito kwanza. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huleta maumivu yanayofanana sana na haya, na mpimaji anapaswa kuingia chumbani akijua anatafuta nini.

Basi, utrasaundi ni nini? Ni sauti. Katika hospitali nyingi chumba chake kimo ndani ya idara ya mionzi, na watu husema wamekwenda kupigwa mionzi, lakini mashine hii haina mionzi ya eksirei hata chembe. Kifaa kinachoshikwa mkononi, ambacho wapimaji hukiita probu, hutoa mawimbi ya sauti kali kupita kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia. Mawimbi hupenya mwilini, hugonga tishu, na mwangwi unaorudi hugeuzwa na mashine kuwa picha. Maji matupu hayarudishi mwangwi, kwa hiyo huonekana meusi. Mafuta na mfupa huurudisha kwa nguvu na kuonekana vyeupe.

Kwa bahati, historia ya kipimo hiki katika tiba ya wanawake imefungamana na uvimbe wa ovari tangu mwanzo. Mwaka 1955, Ian Donald, daktari wa wanawake wa Glasgow huko Uskoti, alipakia kwenye gari uvimbe wa aina mbalimbali uliotolewa kwa wagonjwa, ukiwemo wa ovari, akaupeleka kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichotengeneza boila. Mafundi wa pale walikuwa na mashine ya sauti ya kutafutia nyufa ndani ya vyuma. Nao walileta kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe kiwe cha kulinganishia. Ikaonekana wazi kwamba uvimbe uliojaa maji hutoa mwangwi tofauti na uvimbe wa nyama. Muda si mrefu baadaye, Donald aliitwa kumpima mwanamke aliyedhaniwa anakufa kwa saratani ya tumbo la chakula. Mashine ilionyesha mfuko mkubwa wenye kingo zilizo wazi. Mgonjwa akapasuliwa, ukatolewa uvimbe wa ovari usio wa saratani, naye akapona. Tarehe 7 Juni 1958, Donald na wenzake John MacVicar na Tom Brown walichapisha kazi yao katika jarida la The Lancet, na polepole madaktari wa wanawake wakaacha kutegemea viganja vya mikono peke yake.

Turudi kwenye kitanda cha kipimo. Kuna njia mbili za kuiona ovari. Ya kwanza ni juu ya tumbo, ambapo kibofu hutakiwa kijae, kwa sababu mkojo hupitisha sauti vizuri na kibofu kilichojaa husukuma utumbo kando. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito: mgonjwa anayetapika, ambaye huenda saa hiyo hiyo akapelekwa chumba cha upasuaji, hapewi chupa mbili za maji anywe. Kibofu chake hujazwa taratibu kwa dripu, au kwa mpira wa mkojo pale inapobidi.

Njia ya pili ni kupitia ukeni, kwa probu nyembamba iliyovishwa kondomu na kupakwa jeli. Kibofu hapa huwa kitupu. Probu ikiwa karibu na ovari, sauti inayotumika huwa ya masafa ya juu zaidi, na picha hutoka safi kuliko ya juu ya tumbo. Mgonjwa huelezwa kwanza, huombwa ridhaa, na muuguzi wa kike huwepo chumbani. Kwa binti ambaye hajawahi kujamiiana njia hii haitumiki; hupimwa juu ya tumbo, na hilo peke yake lisiwe sababu ya kuahirisha kipimo.

Sasa macho yawe kwenye kioo cha mashine. Cha kwanza kutazamwa ni ukubwa. Mpimaji huipima ovari kwa urefu, kina na upana, na mashine hutoa ujazo wake. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, ovari iliyozidi sentimita za ujazo 20 huzua shaka. Lakini namba peke yake haitoshi, na hapa ndipo mpimaji mzoefu hujitofautisha: anageukia upande wa pili na kuipima ovari ya huko pia. Ovari moja ya kawaida na nyingine iliyovimba, upande ule ule unaouma, ni habari nzito kuliko namba yoyote. Kwa mtoto wa kike kulinganisha huku ndiko kila kitu, kwani ovari zake ni ndogo na kipimo cha mtu mzima hakimhusu.

Cha pili ni mahali ilipo. Ovari iliyojisokota huvutwa na kano zake zilizofupika, na mara nyingi hukutwa katikati, juu ya mfuko wa uzazi au nyuma yake, wakati mwingine hata imevuka upande wa pili. Mpimaji anayeitafuta pale pale inapokaa siku zote anaweza kuandika kwamba haikuonekana, kumbe ilikuwa mbele yake.

Cha tatu ni sura ya ndani. Ovari ya kawaida ina folikili, vifuko vidogo vyenye mayai, vilivyotawanyika. Maji yanapojaa katikati ya ovari, folikili hizo husukumwa pembeni na kujipanga kwenye ukingo kama shanga, na katikati hubaki tishu iliyovimba, yenye mawingu meupe na meusi. Ishara hii ni nzuri sana, ila ina pacha wake wa kupotosha: wanawake wenye ovari za vifuko vingi, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi, nao huonekana na shanga pembeni. Tofauti ni nini? Wao huwa nazo pande zote mbili, bila maumivu ya ghafla, na tishu ya katikati haikuvimba maji.

Cha nne ni uvimbe wenyewe, kama upo. Dermoidi huonekana na sehemu nyeupe ya mafuta inayotupa kivuli nyuma yake. Uvimbe uliovujia damu ndani huonekana na nyuzinyuzi nyembamba zilizopishana, na huo unaweza kuleta maumivu makali bila msokoto wowote. Mpimaji pia hutafuta maji yaliyotuama nyuma ya mfuko wa uzazi. Kuwepo kwake hakuthibitishi lolote peke yake, maana hata yai likipevuka maji kidogo huonekana, lakini yakiungana na dalili nyingine huongeza shaka.

Na cha tano ndicho wapimaji wengi hukitamani: kuuona msokoto wenyewe. Probu ikisogezwa polepole kufuata kano, kutoka kwenye mfuko wa uzazi kuelekea kwenye ovari, mishipa iliyojisokota huonekana imejiviringa duara ndani ya duara. Dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu kwa rangi, ikiwashwa, rangi huzunguka hapo kama maji yanayoingia kwenye kizingia. Ishara hii ikionekana wazi, kwa mgonjwa mwenye maumivu, mjadala umekwisha. Shida ni kwamba inahitaji subira. Anayeipima ovari, akachukua picha mbili na kumfuta mgonjwa jeli, hawezi kuiona.

Kuna ishara nyingine ambayo haitokei kwenye kioo. Mpimaji huibonyeza ovari polepole kwa probu na kuuliza.

"Dada, hapa panauma?"

"Hapana, hapo kawaida."

"Na hapa?"

"Hapo hapo! Hapo ndipo penyewe."

Ikiwa hapo penyewe ndipo ilipo ovari iliyovimba, na sehemu nyingine zikibonyezwa hazina neno, chanzo cha maumivu kimeshajulikana. Likiandikwa kwenye ripoti, jibu hilo la mgonjwa humsaidia daktari kuliko mistari mitano ya vipimo.

Sasa ndiyo zamu ya swali la tatu. Vipi damu ipite na ovari iwe imejisokota?

Mashine nyingi za leo zina Dopla, iliyopewa jina la Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeeleza mwaka 1842 jinsi mawimbi yanavyobadilika chanzo chake kinaposogea. Damu ikisogea, mwangwi wake hubadilika, na mashine huutia rangi. Hapa pana jambo linalowachanganya hata baadhi ya wahudumu wa afya: kwa kawaida nyekundu ni damu inayoijia probu na buluu ni damu inayoiacha. Nyekundu haimaanishi ateri, wala buluu haimaanishi veni. Ili kuzitenganisha, mpimaji hutazama mchoro wa mawimbi: ateri hupanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, veni hutiririka kwa mstari tulivu.

Mtu akisikia haya anaweza kufikiri kazi imekuwa rahisi: damu ipo, ovari nzima, damu haipo, ovari imejisokota. Laiti ingekuwa hivyo. Yakumbukwe yale yaliyosemwa mwanzo. Ovari hupata damu pande mbili, na upande mmoja ukibanwa mwingine unaweza kuendelea kuleta. Tena veni hubanwa kwanza, ateri mwisho. Kwa hiyo katika saa za mwanzo, ambazo ndizo saa za kuokoa, ateri bado inasukuma na rangi bado inaonekana. Na ovari iliyofunguka kwa muda, kama ile ya binti wetu mchana alipokuwa akicheka, inaweza kuonyesha damu nyingi kupita kawaida. Lirudiwe kwa faida ya aliyechelewa kufungua redio: rangi ya damu kuonekana ndani ya ovari haiondoi msokoto. Wapo wagonjwa wengi waliothibitika kwa upasuaji kuwa na msokoto, ilhali Dopla ilikuwa imeonyesha ateri zikifanya kazi.

Upande wa pili wa shilingi nao upo. Damu isipoonekana, je, hakika ni msokoto? Hilo lina nguvu zaidi, lakini kwanza iulizwe mashine. Kama kipimo cha kasi kimewekwa juu mno, damu inayokwenda taratibu haitaonekana. Kama ovari iko mbali, kwa mwanamke mnene au kwa njia ya juu ya tumbo, rangi hufifia. Njia ya kujiridhisha ni nyepesi: mipangilio ile ile, bila kugusa kitufe, itumike kwenye ovari ya upande wa pili. Huko damu ikionekana na huku isionekane, mashine haina kosa. Ishara ya mapema zaidi ni kukosekana kwa mtiririko wa veni wakati ateri bado inapiga, na ni jambo ambalo mpimaji hawezi kuliona kama hakulitafuta kwa makusudi.

Kwa hiyo ripoti yenye mstari mmoja, "damu inapita kwenye ovari zote mbili," ni ripoti isiyotosha. Ripoti inayomsaidia daktari husema ovari ya upande unaouma ni kubwa kiasi gani ikilinganishwa na ya pili, iko wapi, folikili zimejipangaje, veni zimeonekana au la, mgonjwa aliumia ilipobonyezwa au la, na mwisho hutamka wazi kama msokoto unashukiwa. Daktari naye hasomi karatasi peke yake. Maumivu ya ghafla, kutapika, na ovari iliyovimba upande huo vinatosha kumwita mpasuaji, hata Dopla ikiwa na rangi zote. Ovari zote mbili zikionekana za kawaida kabisa kwa ukubwa na sura, uwezekano wa msokoto hupungua sana, ingawa mgonjwa ambaye maumivu yake huja na kuondoka hupaswa kurudi apimwe tena yakimshika.

Na pale ambapo Dopla haipo? Katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki, mashine ya utrasaundi ililetwa kwanza kwa ajili ya wajawazito, na mpimaji amezoea kutazama mtoto, kondo na maji ya uzazi. Probu ya ukeni inaweza isiwepo. Hata hivyo, ukubwa, mahali, folikili za pembeni, uvimbe, maji na maumivu ya kubonyezwa vyote huonekana kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, na vina uzito kuliko rangi. Anayesubiri rufaa ya kwenda mkoani kwa sababu tu ya Dopla anapoteza saa ambazo ovari haina. Kilichopungua zaidi ni mkono uliofundishwa kutafuta ovari, wala si mashine, na ndiyo kazi ya vyuo vya upimaji kama kile cha Ernest Cook katika hospitali ya Mengo, Kampala. Kati ya vipimo vingine vya picha, CT hutumika pale mgonjwa alipoanza kuchunguzwa kwa kidole tumbo au mawe ya figo, nayo yaweza kuonyesha ovari iliyovimba. MRI ina nafasi kwa mjamzito ambaye utrasaundi haikutoa jibu, pale ambapo ipo na haichelewi.

Mjamzito anahitaji neno lake. Kadiri mimba inavyokua, ovari hupandishwa juu, na mpimaji hulazimika kuitafuta pembeni ya tumbo badala ya chini kwenye nyonga. Aliyepata mimba kwa dawa za kuchochea mayai anaweza kuwa na ovari kubwa pande zote mbili, zimejaa vifuko, hivyo kipimo cha ukubwa hukosa maana. Hapo maumivu ya upande mmoja na mtiririko wa veni ndivyo vinavyobaki kuwa mwongozo. Ujauzito hauzuii upasuaji huu.

Uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa macho ya mpasuaji, mara nyingi kwa upasuaji wa matundu madogo, au kwa kufungua tumbo pale ambapo vifaa hivyo havipo. Ovari hukutwa imevimba, ya zambarau au nyeusi. Zamani rangi hiyo ilikuwa hukumu: ovari ilikatwa na kutolewa. Kulikuwa na hofu kwamba ikifunguliwa msokoto, mabonge ya damu yatasafiri hadi mapafuni. Uzoefu wa miaka mingi haukuithibitisha hofu hiyo. Leo ovari hufunguliwa na kuachwa mahali pake, hata ikiwa nyeusi, kwa kuwa nyingi hurudia kazi yake. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani, ACOG, kilitoa mwongozo kuhusu wasichana wa umri wa balehe, kikisisitiza kuifungua na kuihifadhi ovari vyovyote inavyoonekana. Hakuna saa moja inayojulikana ambayo baada yake ovari imekufa kwa hakika, kwani inategemea kano zimezunguka mara ngapi na kwa kubana kiasi gani. Mgonjwa aliyechelewa naye hukimbizwa kwenye upasuaji. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi uamuzi huwa mwingine: ovari hutolewa mara nyingi zaidi, kwa sababu uvimbe wa umri huo hubeba uwezekano mkubwa wa saratani.

Baada ya wiki kadhaa mgonjwa hurudi kwenye kitanda kile kile cha utrasaundi. Mpimaji hutafuta mambo mawili: kama ovari imepungua na kurudi karibu na ukubwa wa mwenzake, na kama kuna folikili zinazokua ndani yake. Uvimbe ulioachwa siku ya dharura, kwa kuwa tishu zilikuwa zimevimba mno kuukata bila madhara, nao hupimwa upya. Vifuko vya maji vinavyotokana na mzunguko wa hedhi mara nyingi huyeyuka vyenyewe. Dermoidi haiyeyuki, kwa hiyo mgonjwa hupangiwa siku ya kuja kuitoa kabla haijaizungusha ovari kwa mara ya pili.